Kuiona flagela ikipiga: mwongozo kwa mwenye hadubini ya shule

Hadubini nyingi za shule hutolewa kabatini kwa ajili ya ganda la kitunguu na seli za ndani ya shavu, zikamaliza kazi hiyo zikarudishwa. Ni hasara. Hadubini hiyohiyo yenye lenzi za 4x, 10x na 40x inatosha kabisa kukuonyesha kiumbe wa seli moja akiogelea kwa flagela yake, ule uzi mwembamba unaochapa maji kama mjeledi. Wanaoshindwa kuiona hawashindwi kwa sababu ya uduni wa kifaa. Wanashindwa kwa sababu ya mwanga mwingi kupita kiasi, na pupa.

Utahitaji slaidi na vifuniko vyake vya kioo, dropa, pamba, vaselini kidogo, iodini ya maabara, siki nyeupe, magadi ya kuokea, karatasi za kupimia pH na simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole. Ukikosa siki na magadi, utakosa jaribio moja tu, ingawa kwangu mimi ndilo tamu kuliko yote.

Hatua ya 1: Tafuta maji ya kijani

Huna haja ya kwenda mbali. Unachotaka ni maji yaliyosimama juani mpaka yakageuka rangi: birika la kunyweshea ng'ombe, ndoo iliyosahaulika nyuma ya nyumba, jaruba la mpunga, tangi lisilo na mfuniko. Angalia ukijani wenyewe. Zile nyuzi ndefu zinazoelea, na ule utando unaoteleza juu ya mawe, si kitu tunachokitafuta. Chota kwenye gilasi uinue usawa wa dirisha; maji yakiwa ya kijani sare, bila vipande vinavyoonekana kwa macho, umepata. Mara nyingi humo utakutana na Chlamydomonas, mwani wa seli moja wenye flagela mbili, na mahali ambapo mifugo huchafua maji kuna uwezekano mkubwa wa kumpata Euglena, kiumbe mwingine wa kijani wa seli moja.

Kama unachota bwawani au kwenye mfereji, usiingie miguu mitupu. Kichocho hakibishi hodi. Funga chupa kwenye fimbo ndefu, chota ukiwa ukingoni, kisha nawa kwa sabuni. Jaza chupa nusu tu ili hewa ibaki, na usiiache ndani ya gari juani. Ukitaka kuongeza maji, ya bomba yaache wazi siku moja au mbili kwanza ili klorini iondoke.

Hatua ya 2: Waite kwa mwanga

Ifunge chupa yote kwa karatasi ya alumini au karatasi nyeusi, uache tundu moja dogo ubavuni, upana wa kidole. Iweke karibu na dirisha, tundu likielekea kwenye mwanga lakini si jua kali la moja kwa moja. Iache nusu saa mpaka saa nzima bila kuitikisa. Ukiifungua utakuta doa la kijani lililoshiba pale palipokuwa na tundu, na sehemu nyingine maji yamepauka.

Hapo umeshathibitisha kwamba wanaogelea, hata kabla ya kugusa hadubini, maana mwani uliokufa huzama au huelea popote bila kujali mwanga unatoka wapi. Euglena ana doa jekundu karibu na shina la flagela. Doa hilo lenyewe halioni. Kazi yake ni kukinga: seli inapojizungusha ikiogelea, doa hutia kivuli kwenye kipokea mwanga kilicho kwenye shina la flagela, na kivuli hicho kinachokuja na kuondoka ndicho kinachoiambia seli mwanga uko upande gani.

Ingiza dropa taratibu mpaka kwenye lile doa la kijani, unyonye kidogo.

Hatua ya 3: Andaa slaidi

Tone liwe dogo. Kabla ya kuliweka, tandaza nyuzi chache za pamba juu ya slaidi, ukizichambua mpaka karibu zisionekane. Nyuzi hizo zitakuwa vizuizi. Kiumbe atakwama kwenye pembe fulani na kukupa muda wa kumtazama. Shusha kifuniko kwa mshazari ili hewa itoke, kisha pitisha vaselini kwenye kingo kama unataka slaidi ikae muda mrefu bila kukauka. Anza na lenzi ya 4x, nenda 10x, kisha 40x. Anayerukia 40x moja kwa moja atazunguka na skrubu mpaka avunje kifuniko.

Hatua ya 4: Punguza mwanga

Hapa ndipo penye siri. Flagela ya viumbe hawa ina unene wa takriban robo ya mikrometa (mikrometa ni sehemu moja ya elfu ya milimita), nao uwezo wa hadubini ya mwanga wa kutenganisha vitu unaishia karibu na mikrometa 0.2. Kwa hiyo uzi huo uko mpakani kabisa mwa kinachoweza kuonekana. Isitoshe hauna rangi, na unapitisha mwanga karibu sawa na maji yanayouzunguka. Ukifungua mwanga wote, unaufuta.

Chini ya meza ya hadubini kuna tundu linalofunguka na kufumba, au sahani yenye matundu ya ukubwa mbalimbali. Fumba mpaka picha ianze kuonekana ya kijivu na kingo za seli ziwe na mstari mweusi. Kama kuna kondensa (lenzi ya kukusanya mwanga chini ya meza) inayoshuka, ishushe kidogo. Macho yatalalamika kwamba ni giza. Yape dakika moja yazoee. Sasa mtafute Chlamydomonas aliyekwama kwenye uzi wa pamba, zungusha skrubu ndogo mbele na nyuma kwa upole, huku ukitazama maji yaliyo mbele ya seli. Kwanza utaona vijichembe vya uchafu vinavyotetemeka na kutupwa pembeni kana kwamba kuna upepo. Hiyo ndiyo kazi ya flagela. Endelea kutazama palepale. Baada ya muda nyuzi mbili zenyewe zitajitokeza, hasa seli inapochoka na kupunguza kasi.

Hatua ya 5: Wapunguze mwendo

Chlamydomonas hupiga flagela zake mara 50 hivi kwa sekunde. Jicho haliwezi kuzifuata. Dawa ya maabara ni methili selulosi, ambayo hufanya maji kuwa mazito bila kuwadhuru. Usipokuwa nayo, jaribu ute wa bamia uliochujwa kwa kitambaa safi: tone la ute, tone la maji ya kijani, changanya kwa ncha ya kijiti. Njia nyingine haigharimu chochote. Usizibe kingo kwa vaselini, acha maji yakauke polepole, na kifuniko kitashuka na kuwabana mpaka wasiweze kwenda mbali. Dirisha la kutazama ni fupi, ukichelewa watapondeka.

Simu nayo inasaidia. Ishikilie kwenye lenzi unayochungulia, au uifunge kwa mpira ili isitikisike, kisha rekodi picha 240 kwa sekunde. Kila pigo la flagela litapata picha nne au tano. Zikionyeshwa 30 kwa sekunde, mwendo umepungua mara nane, na sasa unaweza kuhesabu mapigo kwa kidole.

Hatua ya 6: Usome mwendo

Watu wengi hufika hapa wakasema "nimemwona anatembea" wakafunga hadubini. Kumbe ndiyo kwanza kazi inaanza, kwa sababu mwendo ndio unaokwambia kiumbe ana chombo gani.

Mtazame Chlamydomonas kwenye ile video ya polepole. Flagela zote mbili ziko mbele. Zinanyooka, zinafagia kwenda nyuma zikiwa zimetanuka, seli inasogea mbele. Kisha zinajikunja na kurudi zikipita karibu na mwili. Tazama kwa makini wakati huo wa kurudi: seli nzima inarudi nyuma kidogo. Mbele sana, nyuma kidogo, mbele sana, nyuma kidogo. Ukiona mtikisiko huo kwenye video, simu yako haina kasoro.

Kwa nini arudi nyuma? Dau ukiacha kupiga kasia huendelea kuteleza, kwa sababu uzito wake unalisukuma. Kiumbe wa mikrometa kumi hana bahati hiyo. Kwa udogo wake, mnato wa maji unashinda kabisa uzito, na akiacha kupiga anasimama papo hapo. Mwaka 1977 mwanafizikia Mmarekani Edward Purcell alieleza kwamba bakteria akiacha kusukuma, umbali anaoteleza kabla ya kusimama ni mdogo kuliko upana wa atomu moja. Katika hali hiyo, ukipiga mbele na kurudi kwa njia ileile hutafika popote. Kila ulichopata unakirudisha. Ndiyo maana pigo la kwenda ni la flagela iliyonyooka na pigo la kurudi ni la flagela iliyokunjwa. Tofauti ya mapigo hayo mawili ndiyo safari yenyewe.

Euglena ni mwingine. Ni mrefu, mara nyingi kati ya mikrometa 35 na 60, na flagela moja ndefu inatoka mbele. Yeye anavutwa, hasukumwi. Anapokwenda, mwili unajiviringisha kwenye mhimili wake na ile ncha ya mbele inachora duara. Akibanwa na kifuniko huacha kuogelea na kuanza kujinyonga, mara mnene mbele, mara mnene nyuma. Hiyo ni ngozi yake ya mikanda ya protini inayojikunja, na haihusiani na flagela. Mbegu ya kiume ya binadamu hufanya kinyume chake: mkia uko nyuma nao unasukuma, kwa mawimbi yanayotoka kichwani kuelekea nchani.

Ukiona kiumbe mkubwa mwenye umbo la ndala, anakimbia, anagonga kitu, anarudi nyuma kisha anageuka, huyo ni Paramecium. Amefunikwa na maelfu ya silia fupi, yaani vijinywele vinavyopiga maji. Ndani silia na flagela za viumbe hawa ni chombo kilekile, tofauti ni urefu, idadi na namna ya kupiga.

Chombo hicho ndani kimepangwa kwa ustadi: jozi tisa za mirija myembamba zimezunguka mirija miwili ya kati. Jozi zina mikono ya protini iitwayo dainini, ambayo hutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, kuishika jozi ya jirani na kuisukuma. Kwa kuwa zimefungwa pamoja kwenye shina, haziwezi kuteleza na kuachana, kwa hiyo uzi unapinda. Nguvu inazalishwa urefu wote wa flagela, si kwenye shina peke yake. Mpangilio huohuo uko kwenye silia za koo lako la hewa. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Sweden aliripoti kwamba kuna watu ambao mikono hiyo ya dainini haipo: wanaume hao mbegu zao haziogelei, kikohozi na mafua haviwaishi, na baadhi yao moyo uko upande wa kulia.

Hatua ya 7: Pima kasi

Weka rula ya plastiki angavu chini ya lenzi ya 10x, usome upana wa duara unaloliona. Kwa hadubini nyingi za shule ni karibu milimita 1.8. Kwenye 40x upana huo unagawanywa kwa nne, yaani milimita 0.45, sawa na mikrometa 450. Pima kwa saa muda ambao seli inachukua kukatiza duara kwa njia iliyonyooka. Chlamydomonas mwenye afya atatumia sekunde nne na nusu hivi, ambayo ni mikrometa 100 kwa sekunde. Mwili wake ni mikrometa 10, kwa hiyo anakwenda urefu wa miili kumi kila sekunde. Mtu wa mita 1.7 angepaswa kuogelea mita 17 kwa sekunde, na waogeleaji bora duniani wanazidi mita mbili kwa taabu. Fanya kipimo hiki kabla ya kutia ute wa bamia, si baadaye.

Hatua ya 8: Iodini, ukiisha kuwaona wakiwa hai

Tone moja la iodini pembeni mwa kifuniko, karatasi ya kunyonya upande wa pili ili iodini ipite chini. Watakufa na kusimama, na flagela zitaonekana wazi kuliko zilivyokuwa zikipiga. Hapa pia unatenganisha majirani: ndani ya Chlamydomonas wanga hugeuka bluu nyeusi, lakini Euglena hageuki, kwa sababu akiba yake ni paramiloni, isiyoshika rangi ya iodini.

Hatua ya 9: Wakate mijeledi, kisha usubiri

Jaribio hili ni la Chlamydomonas. Chukua mililita kumi za maji ya kijani kilichoshiba. Yasiwe maji matupu ya mvua, kwa kuwa kalsiamu inahitajika. Ya kisima yanafaa. Punguza siki kwa maji, itie tone baada ya tone huku ukikoroga na kupima, mpaka karatasi ionyeshe pH 4.5 hivi. Hesabu dakika moja. Kisha rudisha mpaka 7 kwa magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa, pia tone kwa tone. Ukishuka chini ya 4 au ukichelewa, utawaua na utalazimika kuanza upya.

Tazama mara moja. Seli ziko palepale, za kijani, zimelala chini kimya. Tia iodini kwenye sampuli ndogo na hutaona flagela hata moja. Hazikuyeyushwa na siki. Seli imezikata yenyewe kwenye shina, kwa sababu asidi imefanya kalsiamu iingie kwa ghafla.

Sasa iache chupa kwenye mwanga, uchukue tone jipya kila baada ya dakika 15 au 20. Kwanza utaona vijiti vifupi mbele ya seli na mwili unaotetemeka bila kwenda kokote. Flagela hukua haraka mwanzoni, kisha ukuaji hupungua kadiri urefu wa kawaida unavyokaribia. Ndani ya saa mbili hivi watakuwa wanaogelea tena. Kwa kumtazama mwani huyuhuyu, mwaka 1993 watafiti wa maabara ya Joel Rosenbaum huko Yale waliona mizigo midogo ikipanda na kushuka ndani ya flagela, na ndivyo ilivyofahamika jinsi vifaa vya ujenzi vinavyofikishwa nchani.

Bakteria ni mashine nyingine kabisa

Loweka majani makavu kwenye maji siku mbili tatu. Tone lake chini ya 40x, mwanga ukiwa umefumbwa, litajaa vidoa vinavyotembea. Flagela zao hutaziona, usijisumbue: unene wake ni mikrometa 0.02, mara kumi chini ya uwezo wa hadubini yako. Unachoweza kuona ni mwendo, na kuna mitego miwili. Chembe yoyote ndogo hutetemeka majini hata kama haina uhai, jambo ambalo Robert Brown alilichunguza mwaka 1827. Na maji yenyewe yanapotiririka chini ya kifuniko, kila kitu huelekea upande mmoja. Bakteria anayeogelea kweli huenda kinyume na wenzake. Ili usibishane na mtu, chemsha sehemu ya maji hayo, yapoze, uweke slaidi ya pili kando ya ya kwanza.

Flagela ya bakteria haipigi. Ni uzi mgumu wenye umbo la hesi, na kwenye shina kuna mota inayozunguka, ikiendeshwa na protoni zinazoingia ndani ya seli badala ya ATP. Howard Berg na Robert Anderson walilitetea wazo hilo mwaka 1973, na mwaka uliofuata Michael Silverman na Melvin Simon wakalithibitisha kwa njia ya kuvutia: walinasa flagela kwenye kioo, na kwa kuwa uzi haukuweza kuzunguka, bakteria mzima akaanza kuzunguka. E. coli, bakteria wa utumboni, ana nyuzi kadhaa. Zikizunguka kinyume na mwendo wa saa zinajisuka pamoja na kumsukuma mbele kwa takriban sekunde moja. Mota zikigeuza mwelekeo, msuko unafumuka, naye anapinduka ovyo kwa sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kuchukua njia mpya. Ukitazama ule uloweko wa majani utaona mtindo huo wa kwenda na kupinduka hata bila kuona uzi wowote.

Kwenye damu

Hii haifanywi nyumbani wala darasani, ni ya maabara ya mifugo, lakini inaonyesha faida ya kuzoea kusoma mwendo. Tone la damu mbichi ya ng'ombe aliyeumwa na mbung'o huwekwa chini ya kifuniko na kutazamwa kwa 40x kabla halijapoa. Mtaalamu hutafuta kwanza chembe nyekundu zinazosukumwasukumwa, kwa sababu tripanosoma, kimelea wa seli moja anayeenezwa na mbung'o, mwenyewe ni angavu. Flagela yake imeshikana na ubavu wa mwili, na mawimbi huanzia nchani, iliyo mbele, kuelekea shinani. Trypanosoma vivax hukatiza uwanja wa lenzi kwa kasi na kutoweka. T. congolense ni mvivu, mara nyingi ameganda kwenye chembe nyekundu. T. brucei, ambaye jamii zake mbili huwapa watu malale, hujipindapinda kwa nguvu lakini hatoki sana mahali pake. Baada ya hapo hutengenezwa slaidi ya rangi ya Giemsa kuthibitisha aina, nayo huwa tayari imeshaandikwa jina linaloshukiwa.